Uchaguzi Mdogo: Jina na Maana Yake

Jina "uchaguzi mdogo" limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha siasa. Maana yake ni uchaguzi ufanywao ili kujaza kiti cha Bunge kilichoachwa wazi kabla ya uchaguzi mkuu kufika. Yafaa kuuliza neno "mdogo" lina kazi gani hapa. Baba mdogo haitwi hivyo kwa ufupi wa kimo, bali kwa nafasi yake katika ukoo. Kadhalika mbunge apatikanaye katika uchaguzi mdogo ana kura ile ile Bungeni waliyo nayo wenziwe. Kilichopungua ni muda wake tu, kwani hukamilisha muhula uliobaki.

Udogo mwingine ni wa eneo. Mchafukoge ni kata ya Jimbo la Ilala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Septemba 2018 ulifanywa uchaguzi mdogo katika Jimbo la Ukonga, lililomo katika wilaya hiyo hiyo ya Ilala. Mfanya biashara mwenye duka Mchafukoge, lakini aliyeandikishwa kwake Gongo la Mboto, aliitwa kupiga kura. Jirani yake wa dukani, mkazi wa Mchafukoge, hakuhusika.

Kiti huwaje wazi? Mbunge aweza kufa au kujiuzulu. Tena, kwa ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania ya 1977, akiacha uanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, hupoteza kiti. Ibara ya 76 yaagiza uchaguzi ufanywe, ila si katika miezi 12 kabla ya Bunge kuvunjwa. Viti maalumu vya wanawake havipigiwi kura; hujazwa kutoka katika orodha ya chama.

Huko Ukonga hakufa mtu. Mwita Waitara, aliyechaguliwa mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA, alijiuzulu Julai 2018, akahamia CCM, akagombea tena kiti kile kile, akashinda. Maulid Mtulia wa Kinondoni, aliyetoka CUF, alikuwa amefanya vivyo hivyo Februari mwaka huo. Msemo uliovuma siku zile ni "kuunga mkono juhudi". Hapa neno "kujaza" linatatanisha, maana aliyekiacha kiti ndiye aliyekirudia, na wapiga kura waliulizwa upya swali walilokwisha kulijibu.

Hata hivyo jibu la pili laweza kuwa na uzito wake. Mwaka 1996 Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, aliyeshindwa urais mwaka 1995, aliingia Bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Temeke.

Kwa hiyo mtungaji wa kamusi asitosheke kusema kwamba ni uchaguzi wa kujaza nafasi. Aeleze pia kwamba nafasi hiyo yaweza kuachwa wazi kwa kifo, kwa sheria, au kwa hiari ya mbunge mwenyewe. Maana kwa mpiga kura mambo hayo matatu si mamoja.