Wawili Katika Tanga Mbili

Novemba iliyopita, katika hori ya Kilifi, nilimkuta mama wa makamo amening'inia nusu ya mlingoti wa yoti, amekalia kipande cha turubai kilichofungwa kamba. Mumewe alikuwa chini akizungusha winchi. Mama alipotaka kupandishwa alipaza sauti. Alipotaka kusimamishwa aliipaza zaidi. Fundi mmoja aliyekuwa akikalafati mashua pembeni aliniambia bila kuinua kichwa: "Hao wako hapa tangu Agosti, ndugu yangu. Wanangoja upepo ugeuke."

Hesabu yao si ngumu, ila haina huruma. Kusi huvuma tangu Aprili hadi karibu Oktoba, kaskazi tangu Desemba hadi Machi. Baina ya pepo hizo ndiyo tanga mbili, upepo usijue uelekee wapi. Mwenye yoti anayetoka Madagaska hupandishwa na kusi pamoja na mkondo wa bahari hadi Kilifi au Lamu bila jasho. Kurudi ndiko kwenye kazi. Kaskazi ingemshusha vizuri, lakini huvuma katika miezi ileile ambayo kusini kuna vimbunga. Upepo wa kwenda nyumbani ndio huohuo wa kwenda kwenye kimbunga. Wengi basi hushuka kidogo kidogo, Pemba, Unguja, Mafia, na kusimama hapo. Hata hapo hakuna dhamana: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza merikebu za Sultani Seyyid Barghash pale Unguja, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Isitoshe, viza ya kawaida ya utalii Tanzania ni ya siku 90. Aliyezipanga siku hizo hakuwa nahodha.

Watu wa nchi kavu hudhani wenzi hawa wamestarehe. Siku ya bamvua ungewaona. Maji yakijaa, chombo husogezwa penye nguzo na kufungwa. Maji yakipwa, mkuku hukaa mchangani na ubavu wote ukawa wazi. Wana saa chache tu za kukwangua makombe, kuosha na kupaka rangi ya sumu kabla bahari haijarudi kudai mahali pake. Mabaharia wa majahazi walipaka shahamu na chokaa kwa kazi hiyohiyo. Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Kwenye chombo cha watu wawili onyo hilo ni la bure, maana nahodha ndiye anayezibua choo. Safarini hupeana zamu za saa tatu tatu usiku kucha. Ndiyo kusema wanandoa wanaosifiwa kwa kutoachana huonana hasa wanapopishana mlangoni.

Utulivu wa tanga mbili nao una wateja wengine. Maharamia wa Kisomali, wenye vijiboti vidogo, walipenda bahari iliyolala. Oktoba 2009 wenzi wawili Waingereza waling'oa nanga Shelisheli kuja Tanzania. Wakatekwa, wakakaa mikononi mwa watekaji siku 388. Walipoachiwa, yoti yao ikatengenezwa, na mwaka 2012 wakatweka tanga tena. Mimi ningenunua shamba.

Kwetu tanga si jambo geni, wala kungoja. Kwa karne nyingi vyombo vya Ghuba vilishuka na kaskazi, vikapanda na kusi, na katikati watu wake wakakaa Lamu, Mombasa na Unguja wakiuza tende na kupakia boriti. Baadhi yao walioa huku, kungoja kusiwachoshe. Mke wa kwanza alibaki Sur au Kuwait, naye akingoja, bila kuulizwa upepo gani anaupenda. Kwenye yoti mke yumo chomboni, ana zamu yake ya usukani, na akisema leo hatutoki, hawatoki. Hilo ndilo jipya lililoletwa na wageni hawa kwenye pwani yetu, na mabaharia wetu, wanaowacheka kwa kugombana juu ya winchi, hawajalipatia jibu.

Nilipita tena Januari. Kaskazi ilikuwa na wiki kadhaa tangu ishike, ngalawa zikikata maji kwa raha, na yoti iko palepale. Nilimuuliza fundi upepo gani tena unaongojwa. Akasema upepo upo. Sasa wanangoja pampu.