Kuhesabu Vizibo: Lugha na Idadi Katika Shule ya Vidudu

Watu wengi wapitao asubuhi karibu na shule ya vidudu husikia kelele za watoto, nao hudhani kwamba mle ndani mna michezo tu. Nia ya makala haya ni kumweleza msomaji kwamba michezo ile, hasa ule wa kuhesabu vitu, ni mafunzo ya lugha na ya idadi kwa wakati mmoja. Mambo hayo mawili hayatengani: mtoto anyimwaye lugha hunyimwa na idadi.

Jina lenyewe lafaa kutazamwa kwanza. Shule hizi huitwa chekechea, na katika maandishi ya Serikali ni za elimu ya awali; lakini Tanzania watu wengi wamezoea kusema shule ya vidudu. Hapana tusi hapa. Kiambishi ki-/vi- hutumika kuonyesha udogo wa kitu: mlima huzaa kilima, mji huzaa kijiji, mdudu huzaa kidudu. Basi wenye lugha wamewatia watoto wao katika ngeli ya vitu vidogo, nayo ndiyo ngeli ya vitu vingi ambavyo watoto hao hushika mchana kutwa: vijiti, vizibo, vikombe na viti.

Nimekwenda mara nyingi katika shule moja ya namna hii, katika kijiji cha pwani. Chumba ni kimoja na mwalimu ni mmoja. Watoto hufika kabla ya saa mbili, huketi mkekani, na kila mmoja huitwa kwa jina lake. Vifaa havikununuliwa. Vizibo vya soda hukusanywa na mwenye duka, vipande vya mbao hutoka kwa seremala, na kokwa za embe hukaushwa na watoto wenyewe. Akina mama hupokezana zamu ya kupika uji, na bibi mmoja huja kuwatolea hadithi. Watu hao wote hudhani kwamba wanamsaidia mwalimu kwa vitu tu. Kumbe wanamsaidia zaidi kwa maneno. Mama agawaye uji akauliza, "Vikombe vingapi vimebaki?" amefundisha somo zima la sarufi, naye hana habari. Mtoto ajibuye, "Vitatu, mama," amehesabu na kupatanisha maneno kwa pumzi moja.

Jambo hili laweza kuelezwa hivi. Katika Kiswahili hesabu haisimami peke yake, bali hufuata ngeli ya kitu kinachohesabiwa. Twasema mtoto mmoja, watoto wawili. Mti mmoja, miti miwili. Kizibo kimoja, vizibo viwili. Jiwe moja, mawe mawili. Kwa hiyo mtoto hawezi kutaja idadi ya vitu bila ya kuvitazama na kujua ni vitu gani. Hata neno mbili, litumiwalo katika kuhesabu kwa kupanga, ni lile lile -wili lililobadilika sauti kwa kutanguliwa na N, kama vile -refu liwavyo ndefu.

Lakini si hesabu zote zifuatazo kanuni hiyo. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane ni maneno ya asili ya Kibantu, nayo hukubali viambishi. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, nayo hayabadiliki. Na kumi, ingawa ni la Kibantu, nalo halibadiliki. Basi mtoto husema vitano, kisha sita, saba, halafu hurudi kwenye vinane. Siku moja nilimsikia mvulana akisema "visita". Wenzake walicheka, lakini mwalimu hakumkemea; alirudia tu, "Ndiyo, vizibo sita." Mwalimu huyo alikuwa na busara. Neno hilo mtoto hakulisikia kwa mtu yeyote. Amelitunga mwenyewe kwa kuifuata kanuni, na hiyo ni dalili kwamba kanuni imekwisha kumwingia.

Baada ya kumi lugha yetu humsaidia mtoto tena. Kumi na moja ni kumi na moja. Maneno yenyewe yaeleza maana. Mtoto wa Kiingereza hana budi kukariri maneno mawili mapya kwa 11 na 12, ambayo hayamwonyeshi kumi wala kilichozidi. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi, kwani ishirini na thelathini ni maneno ya Kiarabu, nayo humfichia mtoto maana yake. Dawa yake ni nyepesi: mwalimu hufunga vijiti kumi kumi kwa uzi, akasema, "Haya ni makumi mawili, nayo ndiyo ishirini."

Sasa nitaje jambo lililonisukuma kuandika. Katika mji mmoja nilikaribishwa katika shule ambayo hufundisha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Msichana wa miaka minne alisimama akahesabu kwa Kiingereza hadi ishirini bila kukosa, na wazazi wakapiga makofi. Baadaye nilimwekea rundo la vizibo, nikamwomba kwa lugha hiyo hiyo anipe saba. Alinipa kiganja kizima. Nikamwambia polepole, "Mwanangu, nipe vizibo saba." Kwanza aliutazama mlango, maana Kiswahili kilikatazwa pale, kisha akavitoa kimoja kimoja huku midomo ikimcheza, akafika saba, akakoma.

Mtoto mmoja si ushahidi wa kutosha, wala mimi siidharau lugha ya kigeni. Nilikwenda ng'ambo nikapata shahada ya udaktari kwa lugha hiyo. Neno langu ni juu ya utaratibu. Idadi na itangulie katika lugha ambayo mtoto huitumia kuomba uji, kisha jina lake la kigeni lifuate.

Kanuni hiyo yatudai haki hata sisi wapenzi wa Kiswahili. Katika vijiji vingi vya bara mtoto huja shuleni na lugha ya nyumbani kwao. Mtoto wa Kisukuma husema banhu babili, nasi twasema watu wawili. Mwalimu ayawekaye maneno hayo pamoja humwonyesha mtoto kwamba hakuja mikono mitupu. Mwalimu amchekaye humfunga mdomo, kama yule msichana alivyofungwa wake.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikakitaja kuwa lugha ya elimu ya awali pia. Lakini sera haiketi mkekani na watoto. Waketio pale ni mwalimu, mama wa zamu na bibi mwenye hadithi. Na mzazi atakaye kujua kama mwanawe anafundishwa vema, asimwombe akariri mbele ya wageni. Amwekee vizibo, amwombe saba.