Kusaka kilichofichwa: mchezo wa watoto, simu ya baba na kibla cha Nanganga

Ijumaa ya leo tutazame jambo ambalo wazazi wengi hulalamikia: hizi simu za mkononi, ukiacha kuzungumza, kutumiana fedha na kupoteza muda, zina kheri gani nyingine ndani yake? Mlango wa kuingilia katika suala hili ni mwingi. Nimechagua ule mdogo kabisa, nao ni mchezo.

Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, serikali ya Marekani chini ya Rais Bill Clinton iliondoa hitilafu iliyokuwa ikiitia makusudi katika mawimbi ya setilaiti za GPS. Kabla ya hapo raia wa kawaida mwenye kipokezi aliweza kukosea mahali alipo kwa kadiri ya mita 100, maana usahihi ulihifadhiwa kwa ajili ya majeshi. Siku iliyofuata, Mei 3, bwana mmoja wa jimbo la Oregon aitwaye Dave Ulmer alikwenda porini na ndoo, akaweka ndani yake vitu vidogo vidogo pamoja na daftari na penseli, akaifukia nusu, kisha akawatangazia wenzake namba za latitudo na longitudo za mahali pale. Hazikupita siku nyingi watu wakaifikia. Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo unaoitwa jiokeshingi. Leo yapo makasha zaidi ya milioni 3 duniani, na sheria zake ni nyepesi: ukikipata kilichofichwa andika jina lako daftarini, ukichukua kitu, acha kingine chenye thamani sawa au zaidi, kisha rudisha kasha pale pale ulipolikuta.

Atakayeuliza raha iko wapi katika kutembea kilomita nne kufuata kopo lenye gololi na kifungo cha shati, basi huyo hajapata kumwona mtoto akiinua jiwe na kulikuta kopo chini yake.

Mwanafunzi wa fiqhi hapa hatakosa kuuliza: je, kitu hicho si luqata, yaani mali iliyopotea, ambayo mwenye kuiokota analazimika kuitangaza mwaka mzima? Jawabu ni kwamba si luqata, kwa kuwa mwenyewe hakukipoteza. Amekiweka kwa hiari na akatoa idhini kichukuliwe kwa sharti alilolitaja. Wala si rikazi, hazina ya watu wa kale iliyozikwa ardhini, ambayo sheria imeiwekea haki ya khumsi, moja ya tano. Wala si kamari, maadamu hakuna aliyetoa dau ili ashinde cha mwenzake. Likiingia dau, hukumu inabadilika.

Nimeitaja rikazi kwa sababu. Huku kwetu kusini, Lindi na Mtwara, ipo hadithi isiyokufa ya mali ya Mjerumani: kwamba wakati wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918 Wajerumani walifukia rupia na dhahabu, na kwamba yupo mganga anayejua mahali. Watu wameuza korosho za msimu mzima kumlipa mtu wa namna hiyo, na wengine wamefikia kuchimba kando ya makaburi. Tazama tofauti. Msakaji wa kopo anafuata namba ambazo mtu yeyote anaweza kuzihakiki, na anajua tangu mwanzo kuwa mwisho wa safari ni gololi. Msakaji wa rupia anafuata ndoto ya mtu mwingine, na gharama yake ni ada ya mwanawe ya shule.

Sasa namba hizo zinapatikana vipi? Setilaiti za GPS, ambazo mpango wake ulihitaji 24 na sasa zimezidi idadi hiyo, huizunguka dunia kwa urefu wa kilomita zipatazo 20,200, kila moja mara mbili kwa siku. Kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo. Simu husikiliza, hupima wimbi limechukua muda gani njiani, na ikizipata setilaiti nne huweza kujua yenyewe ipo wapi. Zingatieni neno husikiliza. Wapo wazee wanaoamini kuwa setilaiti hiyo inawaona uani mwao. Haiwaoni, wala haijui kama simu yako ipo. Kwa ajili hiyo hiyo kipokezi hakihitaji bando. Kinachokula bando ni ramani unayoifungua, na kinachotoboa siri ni programu inayochukua namba za mahali ulipo na kuzipeleka kwa mwingine.

Hapo napenda nisimame kidogo, maana pana madhara majumbani. Mume anayemwekea mkewe programu ya kumfuatilia kwa siri, au mke anayemfanyia mumewe hivyo, asijidanganye kuwa anatumia teknolojia tu. Hiyo ni tajassus, na katazo lake lipo katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Kumtumia mkeo mahali ulipo ukiwa safarini usiku, au binti kumwonyesha mama yake njia anayopita na bodaboda, hilo ni jambo jingine, kwa sababu mwenye siri ndiye aliyeitoa. Ndoa ikifikia mahali pa kuchunguzana kwa simu, dawa yake ni kikao cha wazee wa pande mbili.

Turudi Nanganga. Abiria atokaye Lindi au Mtwara kwenda Masasi anapajua hapa: ndiyo njiapanda, barabara moja ikichepuka kwenda Ruangwa. Mahali pa njiapanda ni pazuri kwa kuwafundisha watoto maana ya kuelekea. Baba achukue kopo la maziwa lililokwisha, atie ndani daftari dogo na peremende, alifiche katika shamba lake mwenyewe la mikorosho, asome namba kwenye simu na kuziandika kwenye karatasi. Kisha awape watoto karatasi na simu. Watajifunza kwa miguu yao kwamba tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 110, ya nne ni kama mita 11, na ya tano ni kama mita moja tu, na kwamba simu yenyewe, hata mahali pa wazi, hukosea kwa mita kadhaa. Mwalimu wa jiografia atahitaji vipindi vingapi kuyaeleza hayo ubaoni? Lakini wasitie mikono katika mashimo na vichuguu, maana nyoka naye hujificha. Wala kopo lisifichwe makaburini, au shambani kwa mtu bila ruhusa, au chini ya daraja, ambapo kasha lisilo na mwenyewe laweza kuzua taharuki. Familia ya Newala haihitaji hata kopo: namba zenyewe ziwafikishe Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, na atakachokipata mtoto ni bonde la Ruvuma lililotandazwa chini yake.

Mtoto akishazoea latitudo na longitudo, muulize Makka iko wapi. Atakuta jambo la ajabu. Longitudo ya Makka ni 39 na nukta nane. Ya Madina ni 39 na nukta sita. Masasi, Nanganga na Newala zote zipo kati ya 38 na nukta nane na 39 na nukta tatu au hapo jirani. Maana yake ni kwamba sisi na miji hiyo miwili mitukufu tumepangwa karibu katika mstari mmoja, umbali wa kilomita kama 3,500 kutoka kwetu hadi Makka, na kibla chetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kwa chini ya digrii mbili. Watu wa Madina wanaswali wakielekea kusini, nasi tunaswali tukielekea kaskazini. Tumeelekeana nyuso, Al-Kaaba ikiwa katikati.

Wahenga wetu wa pwani hawakuwa na simu, lakini walilijua hilo. Katika Kiswahili cha zamani neno kibla lilitumika kwa maana ya kaskazini yenyewe, na kusini kuliitwa suheli, kwa jina la nyota Suhail. Elimu ya kutafuta mahali kwa hesabu na nyota ni urithi wa Waislamu; Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali pa miji, alichokikamilisha mwaka 1025, na miongoni mwa makusudio yake lilikuwamo la kukijua kibla cha Ghazna.

Kwa hiyo vijana wanaoingia msikitini na simu tatu zenye mishale mitatu tofauti, kisha wakataka kuvunja mihrabu ya wazee, wasikilize. Mshale ule unategemea sumaku iliyomo ndani ya simu, na sumaku huvurugwa na nondo za ukuta na spika ya adhana. Tena kaskazini ya sumaku si kaskazini halisi. Huku kwetu zinapishana kwa digrii chache, na hitilafu hiyo peke yake yaweza kuzidi tofauti yote tunayogombania. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa mihrabu waliyoiswalia Waislamu wengi kwa muda mrefu haifanyiwi ijtihadi katika upande wake wa jumla. Iliyoruhusiwa ni kuinama kidogo kulia au kushoto kwa mwenye ujuzi.

Mwenye shaka, na asiye na simu, asubiri Mei 27 au 28, saa 6:18 mchana, au Julai 15 au 16, saa 6:27. Nyakati hizo jua huwa limesimama juu ya Al-Kaaba, na saa za Tanzania ni sawa na za Saudia. Asimike fimbo ya mita moja, wima kabisa, katika uwanja wa msikiti. Kivuli chake kitaangukia upande wa kusini, urefu wa sentimita kama 60. Asimame penye ncha ya kivuli, aielekee fimbo, na mtoto wake achore mstari huo mchangani.