Maktaba Katika Simu: Kitabu Kipo au Hakipo?

Viongozi wa vikundi, natumaini kila mwanafunzi amekwisha kaa mahali pake na penseli iko tayari. Juma lililopita tulijifunza namna ya kuazima kitabu katika maktaba ya umma. Leo tutazungumza juu ya jambo lililo karibu na hilo, yaani namna maktaba inavyoweza kumsaidia msomaji kwa njia ya intaneti kabla hajatoka nyumbani kwake.

Tuseme yuko mama mmoja aliyemaliza kisomo mwaka jana. Ana shamba la mihogo, na majani yameingiwa na mabaka ya manjano na kujikunja. Ni ugonjwa wa batobato. Anataka kitabu kinachoeleza ugonjwa huo. Maktaba iko mjini, kilomita 30 kutoka kwake, na nauli ya kwenda na kurudi si fedha ya kuchezea. Kabla ya kupanda basi anataka kujua mambo matatu. Je, kesho maktaba itakuwa wazi? Je, kitabu kipo? Na kama kipo, kiko rafuni au kimeazimwa na mtu mwingine?

Tovuti ya maktaba inayojibu maswali hayo matatu imefanya kazi yake. Isiyoyajibu, hata ikipambwa namna gani, ni kama duka lililopakwa chokaa nje, na ndani hamna hata chumvi. Mimi katika kazi yangu nimefungua tovuti nyingi za maktaba. Katika baadhi yake kitu cha kwanza unachokiona ni picha ya wageni wa heshima wakikata utepe. Saa za kufungua huzioni.

Na picha hizo zina uzito. Maneno yote ya somo hili yakiwekwa katika kompyuta hayafiki kilobaiti 6. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi huweza kufika megabaiti 3. Yaani, picha moja ya utepe ni sawa na masomo 500 kama hili! Anayelipia uzito huo ni msomaji, kwa kifurushi chake cha intaneti. Kwa hiyo maktaba ipunguze ukubwa wa picha, na saa za kufungua, mahali ilipo, na namba ya simu viwekwe juu kabisa kwa maandishi ya kawaida.

Sasa tuje kwenye orodha ya vitabu, ambayo wengine huiita katalogi. Zamani orodha hiyo iliandikwa katika kadi ndogo, zikapangwa katika visanduku vya mbao. Siku hizi maktaba nyingi zimeiweka katika kompyuta, nawe unaweza kuitazama kwa simu. Unaandika neno, na majina ya vitabu yanatokea. Jambo zuri sana. Lakini tumrudie yule mama.

Anaandika "muhogo". Simu inamjibu: hakuna kilichopatikana. Na kumbe kitabu kipo rafuni, ila katika orodha kimeandikwa "mihogo". Angeandika "mihogo" angekipata. Kwa nini iwe hivyo?

Programu nyingi za kutafutia vitabu zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Kiingereza. Katika Kiingereza maneno mengi yakiwa ya wingi huongezwa herufi mwishoni. Basi programu imefundishwa kukata mkia wa neno. Lugha yetu haibadiliki mkiani, hubadilika kichwani. Kitabu, vitabu. Mti, miti. Jino, meno. Ukikata mkia wa neno la Kiswahili umekata mahali pasipohusika. Tena tuna maneno ambayo watu huyaandika kwa njia mbili: mhogo na muhogo. Hata majina ya watu ni hivyo. Mwandishi wetu mashuhuri, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, wengine humwandika Shaban. Tena orodha nyingi za maktaba hutanguliza jina la mwisho, kwa hiyo yeye huenda akawekwa kwenye herufi R.

Hapo ndipo penye hatari. Msomaji wa siku nyingi akiambiwa "hakuna" hujaribu tena kwa neno jingine. Msomaji mpya huamini. Hudhani kitabu hakipo, au mbaya zaidi, hudhani yeye ndiye hajui kuandika. Anaweka simu chini, na mihogo inaendelea kuugua.

Dawa yake si ghali. Wakutubi wa zamani waliijua vizuri. Waliandika kadi isemayo: Muhogo, tazama Mihogo. Kazi hiyo hiyo hufanyika katika kompyuta. Mkutubi huandika pamoja na jina la kitabu maneno yote ambayo msomaji huenda akayatumia: mhogo, muhogo, mihogo, batobato. Inahitaji muda na mtu anayekijua Kiswahili, basi.

Pengine mtauliza, programu hiyo hununuliwa wapi, na kwa fedha ngapi? Sikilizeni habari za wilaya moja ya mashamba huko Nyuzilandi, iitwayo Horowhenua. Mwaka 1999 programu ya maktaba zao ilikuwa imezeeka, nayo isingeweza kufanya kazi na tarehe za mwaka 2000. Wakaiagiza kampuni ndogo ya nchini mwao, Katipo Communications, iwatengenezee programu mpya inayotumia kurasa za intaneti. Ilianza kazi Januari 2000. Kisha wakaitoa bure kwa maktaba yoyote duniani. Waliiita Koha. Ni neno la Kimaori, maana yake zawadi, tena zawadi ambayo anayeipokea hutazamiwa naye kutoa kitu.

Leo maelfu ya maktaba hutumia Koha, pamoja na za vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki. Fundi anaruhusiwa kuifungua na kuibadili, na maneno yake yanaweza kutafsiriwa. Lakini kompyuta, umeme na mshahara wa mtu aliyefundishwa havitolewi bure. Wala programu haijui kwamba kitabu kimerudi rafuni mpaka mkutubi aiambie. Asipoiambia kila siku, yule mama atapanda basi bure.

Sasa kazi ya kikundi. Kiongozi, tafuta simu moja yenye intaneti. Fungueni orodha ya vitabu ya maktaba ya umma iliyo karibu nanyi, kama imewekwa katika intaneti. Tafuteni "mhogo", halafu "muhogo", halafu "mihogo". Kila mara andikeni idadi ya vitabu mlivyopata. Kama hesabu hazilingani, mwandikieni mkutubi barua fupi, mkimwonyesha hesabu zenu. Ikiwa maktaba yenu haina orodha katika intaneti, mwandikieni mkimwuliza saa za kufungua, na kama anacho kitabu cha ugonjwa wa batobato. Kila mwanafunzi atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Juma lijalo tutasoma majibu mtakayokuwa mmepata. Kwaherini.