CE Júpiter

CE Júpiter (kwa Kikatalani: Club Esportiu Júpiter) ni klabu ya mpira wa miguu ya mjini Barcelona, Hispania. Ilianzishwa mwaka 1909 katika mtaa wa Poblenou, na jezi zake zina mistari ya wima ya kijivu na damu ya mzee. Haijawahi kucheza ligi kuu ya Hispania. Hata hivyo inatajwa katika vitabu vya historia ya nchi hiyo mara nyingi kuliko klabu kadhaa zilizoizidi kwa vikombe, na sababu yake inahusu zaidi uwanja wake kuliko matokeo ya mechi.

Mtaa wa viwanda

Poblenou uko kando ya bahari, upande wa kaskazini-mashariki wa Barcelona. Zamani ulikuwa sehemu ya Sant Martí de Provençals, mji uliojitegemea hadi ulipounganishwa na Barcelona mwaka 1897. Katika karne ya 19 viwanda vya nguo, vya ngozi na vya chuma vilijaa huko kiasi kwamba eneo hilo liliitwa "Manchester ya Katalunya". Waliofanya kazi viwandani ndio waliokaa mtaani, na wengi wao walikuwa wanachama wa CNT (Confederación Nacional del Trabajo), shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililofuata siasa ya anarkia, yaani siasa inayopinga dola na mabwana wa mali kwa pamoja.

Júpiter ilizaliwa miongoni mwa watu hao. Kuhusu jina husimuliwa kwamba lilitokana na puto kubwa la kurushia watu lililoonekana ufukweni mwaka ule wa 1909. Alama ya klabu ilibeba mistari minne ya bendera ya Katalunya pamoja na nyota. Kwa macho ya watawala wa Madrid hiyo ilifanana mno na bendera ya Wakatalani wanaotaka kujitenga, na wakati wa udikteta wa Miguel Primo de Rivera, aliyetwaa madaraka mwezi Septemba 1923, alama hiyo ilipigwa marufuku.

Mechi ya mwaka 1925

Tarehe 14 Juni 1925 Júpiter ilialikwa kucheza na FC Barcelona katika uwanja wa Les Corts. Ilikuwa mechi ya kirafiki ya kuienzi Orfeó Català, kwaya mashuhuri ya mji huo. Bendi ya wanamaji Waingereza, ambao meli zao zilikuwa bandarini, ilialikwa kupiga muziki. Ilipoanza wimbo wa taifa la Hispania, watazamaji walizomea na kupiga miluzi. Bendi ikakatiza, ikapiga wimbo wa taifa la Uingereza, na umati ukashangilia.

Adhabu iliiangukia Barcelona: serikali iliamuru uwanja wa Les Corts ufungwe kwa miezi sita, muda ambao baadaye ulipunguzwa, na mwanzilishi wake Mswisi, Hans Gamper, alilazimika kuacha urais wa klabu. Tukio hilo husimuliwa sana katika historia ya Barcelona. Mara nyingi timu iliyokuwa upande wa pili wa uwanja haitajwi kabisa.

Uwanja wa Lope de Vega

Tangu mwaka 1921 Júpiter ilikuwa na uwanja wake katika barabara ya Lope de Vega, katikati ya viwanda. Miaka ya 1930 timu ilishindana na klabu kubwa katika ubingwa wa Katalunya, na misimu ya 1934–35 na 1935–36 ilicheza daraja la pili la Hispania. Haijafika juu zaidi ya hapo.

Wakati huohuo uwanja ulikuwa na kazi nyingine. Kwa wanaanarki wa mtaa ulikuwa mahali pa kukutania bila kutiliwa shaka, kwa sababu watu wengi kukusanyika uwanjani ni jambo la kawaida. Poblenou husimuliwa pia kwamba bastola zilizofunguliwa vipande vipande zilifichwa ndani ya mipira na kusafirishwa na timu ilipokwenda kucheza miji mingine. Hiyo ni simulizi ya mtaani na ichukuliwe hivyo. Yaliyotokea Julai 1936 yana ushahidi ulio wazi zaidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Julai, viongozi wa wanaanarki, wakiwemo Buenaventura Durruti, Francisco Ascaso na Juan García Oliver, walikesha katika nyumba ya García Oliver, hatua chache kutoka uwanjani. Walijua kwamba majenerali walikuwa wameanza kuasi dhidi ya jamhuri na kwamba kambi za jeshi za Barcelona zingefuata. Malori mawili yaliwasubiri kando ya ukuta wa uwanja. Alfajiri, askari walipotoka kambini, ving'ora vya viwanda vililia kuwaita wafanyakazi, na malori yakaondoka na bunduki za rashasha kuelekea katikati ya mji. Kufikia siku ya pili uasi wa Barcelona ulikuwa umeshindwa. Ascaso aliuawa siku hiyo mbele ya kambi ya Atarazanas. Durruti alikufa Madrid mwezi Novemba, mwezi uleule García Oliver alipokuwa waziri wa sheria.

Baada ya vita

Jeshi la Francisco Franco liliingia Barcelona tarehe 26 Januari 1939. Klabu iliyojulikana kuwa ya wafanyakazi wekundu haikuweza kuachwa kama ilivyokuwa. Jina lilibadilishwa kuwa Hércules, na timu ikafungamanishwa na Español, klabu nyingine ya Barcelona, kama timu yake ya akiba. Jina la Júpiter lilirudi baadaye, lakini uwanja haukurudi. Mwaka 1948 klabu ilihamia La Verneda, mbali na bahari na mbali na nyumba za mashabiki wake. Kwa klabu ambayo watazamaji wake walikwenda uwanjani kwa miguu wakitoka kazini, huenda hilo liliumiza kuliko kubadilishwa jina.

Tangu hapo Júpiter imecheza Tercera División na ligi za Katalunya. Tercera ilikuwa ngazi ya tatu hadi mwaka 1977, ikawa ya nne ilipoundwa Segunda B, na baada ya mabadiliko ya mwaka 2021 jina hilo ni la ngazi ya tano.

Poblenou nao umebadilika. Sehemu ya viwanda vyake ilibomolewa kupisha makazi ya wanamichezo wa Olimpiki ya mwaka 1992, na tangu mwaka 2000 mpango wa mji uitwao 22@ umegeuza maeneo mengine kuwa ofisi za kampuni za teknolojia. Júpiter ingali inacheza La Verneda, kwa jezi zilezile za kijivu na damu ya mzee.