NYUMBA MOJA, WAPANGAJI WENGI: Jinsi ya Kugawa na Kutunza Seva ya Ofisi

(Somo hili limesomwa redioni kwa ajili ya vikundi vya elimu ya watu wazima vya Mabatini, Mwanza. Limepigwa chapa ili wanakikundi walirudie pole pole.)



Leo tutaeleza jambo ambalo viongozi wa vyama, shule na zahanati huombwa kuliamua, nao mara nyingi huliamua bila kulifahamu. Je, yafaa kazi zote za ofisi ziwekwe katika kompyuta moja kubwa, yaani seva, iliyogawanywa? Na kama yafaa, igawanywe na kutunzwa namna gani? Msidhani kwamba hili ni jambo la mafundi peke yao. Mwanachama mwenye akiba yake na mgonjwa mwenye habari zake zahanatini, wote watapata hasara seva ikitunzwa vibaya.

1. Maana ya kugawa seva

Hapa Mabatini twazijua sana nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba hujenga nyumba moja akaigawa vyumba sita au vinane. Kila mpangaji ana mlango wake na kufuli yake. Huyu akikaanga dagaa, yule hana habari. Lakini msingi ni mmoja, paa la mabati ni moja, na mara nyingi mita ya LUKU ni moja.

Seva iliyogawanywa ni kama nyumba hiyo. Kila chumba huitwa mashine pepe. Mashine pepe ni kompyuta kamili kwa kazi yake: ina mfumo wake wa uendeshaji, programu zake na majalada yake, ila haina chuma chake yenyewe. Msimamizi wa nyumba, anayewagawia wapangaji nafasi na kuwazuia wasiingiliane, ni programu iitwayo haipavaiza.

Faida yake ni nini? Kama ofisi ikinunua seva moja kwa hesabu, nyingine kwa barua, na ya tatu kwa rejista, kila moja hukaa muda mrefu bila kazi ya kutosha, huku ikila umeme na kutoa joto. Zikiwekwa pamoja, chuma kimoja hufanya kazi za vitatu.

Fikira hii si mpya. Kampuni ya IBM ya Marekani iliifanyia majaribio katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wake wa VM/370. Kampuni ya VMware iliyoanzishwa mwaka 1998 iliileta kazi hiyo katika kompyuta za kawaida. Mwaka 2007 haipavaiza iitwayo KVM iliingizwa ndani ya Linux, na mwaka 2008 ikatokea Proxmox VE kutoka Austria, ambayo huitumia KVM hiyo.

2. Kugawa kwa kipimo

Tuchukue mfano. Tuseme chama cha akiba na mikopo kina seva yenye memori ya gigabaiti 64. Kwanza msimamizi mwenyewe awekewe gigabaiti 8, maana msimamizi mwenye njaa hawezi kusimamia. Mashine ya hesabu ipewe 16, ya rejista ya wanachama 16, na ya barua 8. Jumla ni 48. Zimebaki 16 kwa majaribio na kwa siku ya haja.

Fundi mwingine atasema, "Mbona hizo 16 zimekaa bure? Tuongeze mashine nyingine." Hapo viongozi wawe macho. Prosesa, yaani ubongo wa seva, huweza kuahidiwa kwa wengi kupita kiasi kidogo, kwa sababu si wote wanaofanya kazi kwa dakika ile ile. Memori haiko hivyo. Ikijaa, seva huanza kuhamishia mambo yake kwenye diski, ambayo ni nzito mno kuliko memori, na mashine zote hupungua mwendo kwa pamoja.

Diski nayo ina mtego wake. Haipavaiza huweza kuahidi nafasi isiyokuwapo. Diski ni gigabaiti 2,000, lakini kila mashine kati ya tatu imeahidiwa 800, jumla 2,400. Leo zinatumia 900 tu, basi hakuna anayelalamika. Siku zote tatu zitakapodai haki yao, diski itajaa na mashine zitasimama katikati ya kazi. Ahadi za namna hiyo si haramu, bali mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia kila juma ni kiasi gani kimebaki.

3. Kuitengeneza kwa mahitaji yenu

Haipavaiza hainunuliwi kama viatu vilivyokwisha shonwa. Hupimwa mwilini kama nguo kwa fundi cherehani. Mambo matatu yatosha kwa kuanzia.

La kwanza ni kiolezo. Fundi hutengeneza mashine pepe moja safi, yenye saa sahihi, lugha na ulinzi mnaoutaka, kisha kila mashine mpya hunakiliwa kutoka hapo. Kazi ya siku nzima huwa ya dakika chache.

La pili ni majina. Mashine iitwe "hesabu" au "rejista", isiitwe "jaribio2". Mtu akiifuta kwa sababu hakujua ni ya nini, kosa ni la aliyeipa jina.

La tatu ni funguo. Mhasibu hahitaji ufunguo wa nyumba nzima; chumba chake chamtosha. Ufunguo mkuu uwe kwa watu wawili wanaojulikana, na nywila yake iandikwe na kufungiwa katika kasha la chama. Fundi akihama mji, chama kisihame naye.

4. Picha ya hali si nakala ya akiba

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo wengi hupotea, basi sikilizeni vizuri.

Haipavaiza huweza kuchukua picha ya hali ya mashine. Kabla ya kubadili programu ya hesabu, fundi huchukua picha hiyo. Mabadiliko yakiharibika, huirudisha mashine ilivyokuwa. Ni msaada mkubwa. Lakini baada ya picha, mabadiliko huandikwa katika jalada la pembeni linalokua siku hata siku, na la zamani hubaki hapo hapo katika diski ile ile. Diski ikifa, vyote viwili vimekufa. Na picha iliyosahauliwa kwa miezi huijaza diski. Kwa hiyo, kazi ikikwisha vizuri, picha ifutwe.

Nakala ya akiba ni kitu kingine. Kanuni yake ni 3, 2, 1: ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mbali. Kama seva iko Mabatini, nakala moja ikae Nyegezi au Kisesa. Wavuvi wetu hawapakii nyavu zote katika mtumbwi mmoja. Tena nakala ijaribiwe kwa kurudishwa kweli kweli, angalau kila miezi mitatu. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

5. Paa likianguka

Hatari ya nyumba moja ni kwamba paa likianguka, wapangaji wote hunyeshewa. Wenye uwezo huunganisha seva kadhaa, ili moja ikizima mashine zake ziwashwe katika nyingine. Seva hizo ziwe tatu, zisiwe mbili. Zikiwa mbili na waya kati yao ukakatika, kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zote mbili huweza kuandika katika daftari moja. Zikiwa tatu, wawili huafikiana na wa tatu hunyamaza.

Wasio na uwezo huo wanunue betri ya kuiwezesha seva kuzimika taratibu umeme ukikatika. Seva isikae sakafuni. Wakazi wa kando ya Mto Mirongo wajua maji hufika wapi.

Wengine hukodi nafasi ng'ambo. Wakumbuke tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadhoofika sana. Kadhalika, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti juu ya kupeleka habari za watu nje ya nchi.

Mwisho, someni leseni. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Wateja wakatakiwa kulipa kwa muda. KVM na Proxmox VE huweza kutumika bila ada ya leseni, ila fundi wa kuzitunza hana budi kulipwa.

Maswali ya kikundi

1. Ofisi yenu ina nakala ngapi za daftari la wanachama, na ziko wapi?
2. Ni nani aliyeijaribu nakala mara ya mwisho, na lini?
3. Fundi wenu akisafiri leo, nani ana ufunguo?

Yajadilini kabla ya somo lijalo, na katibu wa kikundi aandike majibu. Kwaherini.