Ukuta, Kilima, au Kuhama: Kanisa Mbele ya Bahari Inayopanda

1. Utangulizi

Mchungaji aliyepata kuhudumu usharika wa pwani analijua swali ambalo halimo katika vitabu vya homiletiki. Sisi tuliulizwa na mzee mmoja wa kanisa, baada ya maji ya bamvua kuingia katika shamba lake la minazi na kukitia chumvi kisima chake: "Mchungaji, Mungu alimwahidi Nuhu kwamba gharika haitarudi. Mbona basi mnatuambia tuhame?" Siku ile tulijibu kwa haraka, wala jibu letu halikutosha. Katika makala hii tunakusudia kueleza njia ambazo jamii mbalimbali zimezifuata mbele ya bahari inayopanda, kisha kuuliza ni kwa kipimo gani Kanisa lizipime njia hizo.

2. Kwa nini bahari inapanda

Dunia inapopata joto kwa sababu ya kuchomwa kwa makaa ya mawe na mafuta na kufyekwa kwa misitu, mambo mawili hutokea. Maji ya bahari hutanuka kwa joto, na barafu iliyo juu ya nchi kavu huyeyuka na kumiminika baharini. Jopo la Kiserikali la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza mwaka 2021 kwamba kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na kwamba kati ya 2006 na 2018 mwendo huo ulifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Kiasi hicho chaweza kuonekana kidogo. Lakini kila bamvua na kila dhoruba huanzia kwenye usawa huo mpya, na chumvi huingia kisimani kabla wimbi halijafika mlangoni.

3. Njia tatu

(a) Kuyazuia maji. Tuchukue mfano wa Hamburg, mji wenye udugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Usiku wa kuamkia 17 Februari 1962 dhoruba ilivunja matuta ya kuzuia maji, na watu 315 wakafa mjini humo. Wengi wao walikuwa wa Wilhelmsburg, mahali ambapo watu waliokosa makao tangu vita walikuwa wakiishi katika vibanda vya bustani. Baadaye matuta yaliinuliwa. Januari 1976 maji yalipanda kupita yale ya 1962, lakini matuta ya mji yalistahimili. Basi ukuta huokoa maisha, na asiwepo wa kuudharau. Hata hivyo ukuta una madai yake. Hauna budi kuinuliwa tena na tena. Ardhi iliyo nyuma yake hukosa tope ambalo maji yangeliiletea. Na mara nyingi mawimbi yaliyozuiwa huenda kula ufuko wa jirani asiye na ukuta. Nchini mwetu kuta zimejengwa kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam na pia Kigamboni. Tusisahau kwamba mikoko nayo ni ukuta, tena ukuta unaokua wenyewe: mizizi yake hupunguza nguvu ya mawimbi na kukamata tope. Anayeifyeka mikoko ya Rufiji anabomoa boma la kijiji chake.

(b) Kuishi na maji. Katika pwani ya Kilutheri ya Ujerumani ya kaskazini viko visiwa vidogo viitwavyo Halligen. Mwaka 1634 dhoruba ilikivunja kisiwa kikubwa cha Strand kilichokuwa jirani, na maelfu ya watu wakaangamia. Kanisa la kisiwa cha Hooge lilijengwa miaka michache baadaye kwa vitu vilivyookolewa katika kanisa moja lililoharibiwa na gharika hiyo. Wenyeji hawakuvizungushia visiwa vyao matuta marefu. Walijenga nyumba na makanisa juu ya vilima vilivyoinuliwa kwa mikono, na hata leo mara nyingi katika majira ya baridi bahari hufunika malisho, vilima vikabaki juu ya maji. Maji yakipwa huacha tope, na nchi huinuka kidogo. Lakini bahari sasa yapanda kwa haraka, na baadhi ya vilima hivyo vimeanza kuinuliwa upya.

Nchini Bangladesh dhoruba ya 1970 iliua watu wasiopungua laki tatu. Tangu mwaka 1972 maelfu ya wananchi wa kujitolea wamefundishwa kupita nyumba kwa nyumba wakitoa onyo na kuwaongoza watu kwenye majengo ya kukimbilia. Dhoruba hazijakoma, lakini vifo vimepungua mno. Hapo twajifunza kwamba sauti ya jirani yaweza kuokoa watu wengi kama saruji.

(c) Kuhama. Kijiji cha Vunidogoloa nchini Fiji kilihamia bara mwaka 2014, umbali wa kilomita mbili hivi. Wanakijiji wenyewe ndio walioiomba serikali, na mahali papya palikuwa katika ardhi ya ukoo wao. Wakapaita Kenani, yaani Kanaani. Tulinganishe na yaliyotokea kwetu baada ya mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yalikuwa ya mto na si ya bahari. Wakazi wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi na masoko yao, na baadhi yao wakarudi bondeni. Hawakurudi kwa ujinga. Walirudi mahali palipo na riziki.

4. Kipimo chetu

Mwaka 1527, tauni ilipowatisha watu, wachungaji wa Breslau walimwuliza Luther kama Mkristo aruhusiwa kukimbia kifo. Jibu lake lafaa kusomwa upya. Kukimbia hatari, alisema, si dhambi; kujihifadhi ni jambo alilotuumbia Mungu. Dhambi ni kumwacha jirani asiye na wa kumsaidia. Tena wenye wito wa kuwatumikia watu, yaani wachungaji na watawala, hawana ruhusa ya kutangulia kuondoka.

Kwa kipimo hicho, hakuna hata moja kati ya njia hizi tatu iliyo takatifu au najisi kwa asili yake. Tuulize: ukuta huu utamwacha nani nje? Mjane atawezaje kuinua nyumba yake? Wanaohamishwa wameulizwa, au wameamriwa tu? Wavuvi watafikaje kwenye mashua zao? Na makaburi tunayoyaacha, nani atayaandika majina yake?

5. Hitimisho

Usharika wa pwani unaweza kuanza leo. Baraza la wazee na lijue nyumba za wagonjwa na wazee wasioweza kukimbia, na lipange ni nani atakayewabeba. Vitabu vya ubatizo na vya maziko vitunzwe mahali pa juu. Wanafunzi wetu wafundishwe kusoma majira ya maji pamoja na kalenda ya Kanisa. Na panapokuwa na mpango wa kuhama, mchungaji akae katika mikutano ya kijiji tangu mwanzo, asiitwe mwishoni kubariki uamuzi wa wengine.

Yule mzee hatukupata kumjibu sawasawa. Leo tungalimwambia hivi: Mungu aliapa kwamba hataiangamiza dunia yote kwa maji, hakuapa kwamba bahari haitafika shambani mwako. Na Nuhu huyo huyo, alipoonywa, alijenga safina, wala hakuingia peke yake. Kisha tungalimwuliza ni nani katika mtaa wake asiyeweza kutembea, tukaondoka pamoja naye kwenda kumwona.